Mtani Aliyeandikwa Kazi

Mwaka ule wa matayarisho sikuwa na mahali pa kukaa nikatulia. Asubuhi niliondoka Temeke jua halijakolea, nikapanda basi hadi Kariakoo, nikasimama foleni ya basi lingine la kwenda chuo kikuu, na huko nikifika akili ilikuwa nyumbani: maji yamechotwa? Sukari imefika duka la ushirika? Mama amekula? Jioni nikirudi, akili ilikuwa chuoni. Mama alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nilikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeolewa nikaachika, sina mtoto. Siku hizo za Ujamaa chuo kikuu kilikuwa kimewafungulia mlango wafanyakazi. Hata kama hukufika kidato cha sita, ukiwa na barua ya mwajiri na barua ya tawi la chama, uliweza kuingia mwaka wa matayarisho, na ukifaulu huo unaanza digrii. Niliomba sosholojia na elimu ya uhalifu. Walionihoji niliwaambia nimechapa barua nyingi mno za upotevu wa mali ya shirika, nikachoka kuchapa neno "mwizi" bila kujua ni nani hasa anayeamua nani aitwe hivyo. Walilipenda jibu hilo. Sikuwaambia kwamba vilevile nilikuwa nimeichoka ile mashine, na kiti chake, na bosi aliyekuwa akisimama nyuma yangu akipumua.

Darasani tulikuwa watu wazima watupu. Alikuwemo muuguzi, walimu wa shule za msingi, na bwana mmoja wa magereza aliyekaa mbele kila siku akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Mwalimu wetu wa somo la uhalifu alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka bara, na sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma bila taabu. Siku moja alifunga kitabu, akatuambia tusimletee tena maneno ya vitabuni.

"Nileteeni mtaa," alisema. "Kila mmoja wenu aniletee kosa moja la mtaani kwake, asimame hapa alieleze. Nani kalitenda, nani kasema ni kosa, na kwa nini. Huo ndio mtihani wenu wa mwisho. Atakayeshindwa atarudi kazini kwake."

Bwana magereza alitabasamu. Yeye alikuwa na makosa ya kuchagua. Mimi nilikuwa na Temeke, na kwa jinsi watu walivyokuwa wakiisema Temeke, niliona sitapungukiwa.

Nikaanza kupita nyumba hadi nyumba jioni, kalamu mkononi, nimejaa hamu. Nilianzia kwa jirani wa pili, mama aliyenijua tangu ninatambaa.

"Shikamoo mama. Eti, mmewahi kuibiwa hapa?"

"Marahaba. Kwani umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, nauliza tu."

"Unamuulizia nani?"

Swali hilo sikuwa nimelifikiria. Nikasema namuulizia mwalimu wangu, ndiye aliyenituma. Yule mama akaingia ndani, akarudi na jibu kwamba hawajaibiwa, hawajaiba, na mwanawe mkubwa amepata kazi bandarini, jambo ambalo kila mtu alijua si kweli.

Ni lazima nieleze mambo yalivyokuwa. Miaka ile kulikuwa na misako ya wazururaji. Mtu mzima asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa popote, akapandishwa lori, akapelekwa kijijini kulima, akarudishwa kwao bara, au akavushwa Kigamboni kwenye mashamba ya huko. Magazeti yaliwaita kupe na wanyonyaji. Sasa fikiria mtaa wa namna hiyo, na binti wa watu anapita jioni na kalamu akiuliza nani anafanya nini. Vijana waliokuwa wakikaa kibarazani kwa Mwarabu mwenye duka walikuwa wakiniona kwa mbali tu, wanatawanyika. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye kofia ya kiua isiyotoka kichwani, alinisimamisha njiani.

"Binti, kazi hiyo umetumwa na nani?"

"Chuo kikuu, mzee."

"Unasomea nini huko?"

"Uhalifu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo," akasema, akaenda zake.

Mama alinijia juu. "Acha kuhoji watu. Wewe hapa unalala tu, mie ndiye ninayeishi nao."

Nilikasirika. Nilimwona mama haelewi, mjumbe haelewi, Temeke nzima haielewi, na mtihani unakaribia. Mtu mmoja tu alifurahia maswali yangu, naye alikuwa mtani wetu.

Sisi ni Wazaramo. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Alifika Dar es Salaam kabla sijazaliwa, akaoa hapa, akamzika mkewe hapa, na huko Tabora, kwa alivyosema mwenyewe, ndugu aliobaki nao ni miembe. Kazi yake ilikuwa kuziba masufuria yaliyotoboka na kutengeneza taa za chemli na majiko ya mafuta ya taa. Hakuwa na duka. Alibeba vifaa vyake kwenye kikapu, akapita mitaani akigonga sufuria kwa nyundo, na wenye vyombo vibovu wakamwita. Wengine walimpa hela, wengine walimpa chakula.

Kwetu hakupiga hodi hata siku moja. Aliingia moja kwa moja hadi jikoni, akafunua chungu, akamega.

"Watumwa wangu, leo mmenipikia nini? Mbona mchuzi maji matupu?"

Na mama, ambaye kwa watu wengine alikuwa mpole wa kupitiliza, alipata uhai. "Toka hapo, mbeba mizigo! Babu yako alileta meno ya tembo hadi pwani akasahau njia ya kurudi, na wewe umerithi ujinga wake!"

"Mtumwa ana mdomo huyu. Nitakuuza."

"Nani atanunua kwa mtu mwenye miguu kama yako?"

Mimi aliniita mke wake mdogo, nami nilimwita babu, na alidai kwamba nilipoachika ni yeye aliyetoa talaka. Aliwahi kuondoka na jogoo wetu mchana kweupe, tukala wali kwa mchicha siku ya sikukuu, na mama alicheka hadi akakaa chini. Baba alipofariki, akina mama walilia, wanaume walinyamaza, naye akaenda akajilaza mlangoni akasema maiti haitoki mpaka marehemu amlipe tumbaku yake. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Kwangu mimi, ile ndiyo siku niliyoelewa kwamba nitaweza kuishi bila baba.

Aliposikia kwamba natafuta kosa la mtaani, alivuta kigoda akakaa.

"Niandike mie! Andika kwamba naiba. Jogoo nimeiba, ugali naiba kila siku, na mwenye mali anacheka. Kamuulize mwalimu wako nifungwe miaka mingapi."

Nilitaka kumkumbatia. Hapo hapo nikaona mtihani wangu wote umesimama mbele yangu: tendo lile lile, mkono ule ule chunguni, akilifanya mwingine ni wizi, akilifanya mtani ni mapenzi. Kwa siku kadhaa nilimfuata nikimuuliza hili na lile, naye akinidanganya nusu na kunipa ukweli nusu. Nilikuwa na raha, lakini hata raha yenyewe haikutulia. Nilikuwa nikiamka na sentensi kichwani, naivuruga naipanga upya ndani ya basi.

Kisha msako ukafika Temeke.

Mimi nilikuwa chuoni. Nilirudi alasiri nikakuta mtaa umenyamaza, na yule jirani wa pili amesimama uani kwake mikono kiunoni. Hakunijibu salamu yangu. Alisema na ukuta, kwa sauti ya kunifikia: "Wengine wanasoma, wenzao wanabebwa."

Mama alikuwa amekaa jikoni bila kupika. Mgambo walikuja na lori asubuhi, akaniambia. Wamewachukua vijana wawili, na wamemchukua mtani. Alikuwa amekaa chini anaziba sufuria ya mtu. Walimuuliza kitambulisho akawaonyesha sufuria.

"Wanasema ni wewe," mama akasema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mie nasema nenda kamrudishe. Wakimpeleka huko anakwenda kufa, hana mtu. Na mie hapa sitakuwa na uso."

Sikubadili hata viatu. Njiani nilikuwa nazungumza peke yangu kwa hasira, nikimjibu jirani, nikimjibu mjumbe, nikiapa kwamba sikumtaja mtu kwa yeyote, na ni kweli sikumtaja. Lakini ukweli huo haukuwa na faida kwa mtu yeyote siku ile. Nilijua pia kwamba akiondoka na lile lori, mimi chuo sirudi. Nisingeweza kusimama mbele ya darasa nikieleza habari zake.

Waliokamatwa walikuwa wamekalishwa chini katika uwanja wa kituo cha polisi, kwenye kivuli cha lori lenyewe. Afisa alikuwa kijana wa bara, nadhifu, amechoka, nyuma ya meza iliyotolewa nje. Aliwaita mmoja mmoja. Nilimsalimia, nikamwonyesha kitambulisho changu cha shirika na cha chuo, nikamweleza nimemfuata mzee yule pale. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita mtani akasimama mbele ya meza.

"Mzee, hapa mjini unaishi kwa kazi gani?"

Laiti nisingekuwepo. Mtani aliniona, akaona na watu wote wale wamekaa na nyuso za msiba, na mtani hawezi kupita penye msiba akaacha kutania. Akajinyoosha.

"Mie nafuga Wazaramo," akasema. "Huyu mmoja wao, amenifuata kamba shingoni. Wao wanafanya kazi, mie nakula. Silimi, sipandi, sichoti maji. Watumwa ninao."

Uwanja mzima ulicheka. Hata mgambo mmoja, nadhani Mzaramo wa Kisarawe, aligeuka pembeni akificha meno. Afisa peke yake hakucheka. Aliandika polepole, akirudia kwa sauti: "Hana kazi. Anakiri kuishi kwa jasho la wengine." Kisha akanyoosha kidole kwenye lori.

Hapo nikaanza kumwaga elimu yangu yote. Nilisema, ndugu afisa, huo ni utani, ni uhusiano wa makabila haya mawili tangu misafara ya karne iliyopita, una kazi yake katika jamii, tusi lake si tusi. Afisa alinisikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua ikatike.

"Ndugu, mie nauliza kazi."

"Anayo kazi. Ni fundi wa masufuria na taa."

"Karakana yake iko wapi?"

"Hana karakana. Anazunguka mitaani."

"Anazunguka," akasema afisa, wala hakukebehi. "Ni ndugu yako?"

"Si ndugu. Ni mtani."

"Ndugu, sina mahali pa kuandika mtani. Kama ni baba yako mdogo, sema. Kama ana mwajiri, mwajiri aje. La sivyo anaondoka na wenzake."

Baba mdogo wa Kizaramo, na kwenye kitabu cha afisa ameshaandikwa Mnyamwezi? Mtani alikuwa bado ananitazama, bado anatabasamu, akingoja nirudishe mpira kama mama ambavyo angefanya. Niliona lori limeshafunguliwa mlango wa nyuma.

"Mwajiri ni mimi," nikasema.

"Kazi gani?"

"Kazi za nyumbani. Anafagia uwanja. Anatuchotea maji. Anamhudumia mama yangu."

Niliyasema maneno hayo kwa sauti kubwa ya mtu anayeogopa, na uwanja uliokuwa bado unachekacheka ukatulia. Mtani aliacha kutabasamu. Hakuonyesha hasira, aliangalia chini, akavipangusa viganja vyake kwenye kikoi, akasimama pembeni kama alivyoelekezwa.

Afisa alitaka barua ya mjumbe. Nilirudi mbio hadi kwa yule mzee wa kofia, nikamweleza, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaniangalia usoni. Aliandika bila maswali kwamba fulani ni mtumishi wa binti fulani, nyumbani kwa mama yake, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke. Niliipeleka kituoni, mtani akaachiwa, na afisa akatuambia watapita mtaani siku moja kuhakiki. Alimpa mtani mkono, akamwambia ajitahidi na kazi.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani akaniuliza, "Umewaambia nafagia?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe, sikuwa na lingine."

"Na maji?"

"Na maji."

"Haya."

Kesho yake niliamshwa na sauti ya fagio. Nilitoka nikamkuta uwanjani ameinama, anafagia mistari iliyonyooka, taka amezikusanya pembeni.

"Babu, acha bwana. Yale yalikuwa maneno ya kituoni."

"Walisema watapita. Wakipita wanikute nafagia."

Hakuna aliyeweza kumpinga, kwa sababu alikuwa na haki. Akichelewa siku moja, na siku hiyo ndiyo wakapita, ingekuwaje? Basi akafagia kila siku. Alipomaliza kufagia alichukua ndoo. Mama alimnyang'anya fagio, akachukua ndoo; alimnyang'anya ndoo, akaenda kupasua kuni. Masufuria ya watu aliyaacha, maana kuzunguka nayo ndiko kulikomponza. Jikoni hakuingia tena. Alisimama nje ya mlango akapiga hodi, akangoja akaribishwe, na alipokaribishwa alisema ameshiba.

Mama alijaribu. Siku moja alimfuata hadi mtungini akamwambia, "Mbeba mizigo, leo umebeba maji, kesho utabeba nini, tembo mzima?" Alilisema vizuri, kwa sauti ile ile ya zamani. Lakini mtani alikuwa ameshika ndoo yetu kweli, na maji yalikuwa yanamdondokea miguuni kweli. Akacheka kidogo kwa adabu. Mama akaja ndani, akakaa kitandani.

"Sikulaumu," akaniambia. "Umemnusuru, sikatai. Ila sasa namtukanaje mtu anayenichotea maji? Si nitakuwa namtukana kweli?"

Mtaani, mimi nikawa mtu tena. Jirani wa pili alileta maandazi. Mjumbe alinisalimia yeye kwanza. Akina mama wawili walinijia faraghani kuuliza kama ninaweza kuwaandika watoto wao kazi za nyumbani, nami nikawaambia nyumba yetu ni vyumba viwili, afisa gani atakubali. Sifa zote hizo zilinichoma. Nilianza kuchelewa kurudi nyumbani makusudi, nikishuka basi mbali na kutembea, nisimkute uwanjani.

Siku ya mtihani niliyasema yote. Nilisimama mbele ya wenzangu nikaeleza jogoo, jikoni, msiba wa baba, lori, meza ya afisa, barua yenye muhuri, na fagio. Bwana magereza kwa mara ya kwanza hakunyoosha mkono. Nilipomaliza, mwalimu aliondoa miwani, uso wake umeng'aa.

"Mfano mzuri sana huu," akasema. "Mmeona? Sheria ilikuja kutafuta mhalifu, haikumpata, ikaondoka imeacha mtumishi. Mtaukumbuka." Kisha akaniuliza, "Na mzee mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu, mwalimu."

"Ndiyo," akasema, akitikisa kichwa kwa furaha, "hapo ndipo penyewe." Darasa likanipigia makofi. Nilirudi kwenye kiti nikiwa na hamu ya kumtupia mtu kitu.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki chache. Nilifaulu, jina langu lilikuwa miongoni mwa ya juu. Niliamua kwamba siku hiyo ndiyo siku. Ndani ya basi nilijipanga maneno, nikajifundisha mdomo mchafu ambao sikuzaliwa nao, kwa maana mimi katika utani wetu nilikuwa mchekaji tu, kazi ya kutukana aliifanya mama. Niliingia uwanjani nikamkuta ameinama na fagio, jioni, uwanja tayari msafi. Nikashika kiuno.

"Wewe Mnyamwezi!" nikapaza sauti hadi jirani akachungulia. "Mume gani wewe, mke wako amefaulu chuo kikuu, na hujamchinjia hata panya! Hebu ondoa miguu yako mibovu kwenye uwanja wangu!"

Nilingoja. Mama alikuwa ametoka mlangoni, naye anangoja, mkono mdomoni, macho yameshaanza kucheka.

Mtani akanyooka taratibu. Aliangalia kwanza barabarani, upande huu na upande ule. Kisha akavuta miguu yake nyuma, akatoka pale aliposimama, akanipisha njia.

"Hongera, mama," akasema. "Pole na safari. Maji ya kuoga nimeshakutilia."